Dakika za Makufuli

Kazini walimwita Bi Saa, na mwanzoni jina hilo halikuwa la kumsifu. Alikuwa mtu wa takwimu katika shirika la umeme, mwanamke wa makamo asiye na makuu, na kazi yake ilikuwa kupima vikosi vinne vya mafundi vinachukua muda gani kurudisha umeme ukikatika. Mteja akipiga simu kwamba kuna giza, saa inaanza kuhesabu. Umeme ukirudi, saa inasimama. Mwisho wa mwezi Bi Saa anachukua wastani wa kila kikosi, anaupanga kwenye jedwali, na jedwali linabandikwa kwenye korido karibu na mlango wa choo, mahali ambapo hakuna fundi ambaye angeweza kusema hakuliona.

Ungewaona watu wazima, wenye mvi na wake na watoto, wanavyosukumana mbele ya karatasi ile kutafuta nafasi zao. Waliokuwa juu walipita wakipiga mluzi. Waliokuwa chini ghafla walikumbuka hawakuwa na haja ya choo. Meneja alifurahi sana, akasema sasa watu wameamka, akaongeza na sheria yake: kikosi kitakachoshika mkia miezi mitatu mfululizo kitavunjwa, mafundi wake wagawanywe kwenye vikosi vingine.

Kikosi cha Kwanza ndicho kilichokuwa juu. Kiongozi wake aliitwa Radi, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, ambaye lori lake lilikuwa limeshatoka getini kabla mpokea simu hajamaliza kutaja mtaa. Na kikosi cha mwisho, mwezi hadi mwezi, kilikuwa cha Tatu, cha Mzee Pole. Ndani ya kikosi hicho alikuwamo mdogo wake Bi Saa, tumbo moja, kitindamimba wa mama yao. Nyumbani walimwita Kitinda, na alipoajiriwa jina likamfuata hadi kazini, maana dada mtu siku moja alisahau akamwita hivyo mbele ya watu.

Mzee Pole hakuwa malaika, tusidanganyane. Alichelewa kutoka kwa sababu salamu zake hazikuwa na mwisho. Funguo za lori zilipotea karibu kila wiki, na kila wiki zilikutwa mfukoni mwake mwenyewe. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo hakulilegezea mkono. Kila fundi wa kikosi chake alikuwa na kufuli lake, lenye jina lake na picha yake. Kabla ya kupanda nguzo, wanakata umeme kwenye swichi, kisha kila anayepanda anafunga kufuli lake kwenye mkono wa swichi na kutia ufunguo mfukoni. Kazi ikiisha, umeme haurudi mpaka wa mwisho ashuke, atembee mwenyewe hadi pale, afungue la kwake kwa mkono wake. Ukiwa umesahau kitu juu, wenzio watakusubiri. Ukiwa unajisaidia kichakani, watakusubiri pia, na watakutukana.

Vikosi vingine vilikuwa na desturi hiyo zamani. Jedwali lilipoanza kubandikwa waliiacha kimyakimya, wakabaki na kufuli moja la kiongozi. Hakuna aliyewaamuru. Waliona tu kwamba dakika za makufuli zinawala.

Jioni moja Kitinda alimgusia dada yake jambo hilo mezani. Waliishi nyumba moja, wao wawili na mama yao, tangu Bi Saa alipofiwa na mumewe. Mama alikuwa ametoka kwenda kwa jirani.

"Dada, nikuulize kitu cha kazini?"

"Ya kazini yaache kazini."

"Kidogo tu. Zile dakika za makufuli. Waya tumeshaunga, kazi imekwisha, tunangoja tu watu washuke kila mtu afungue lake. Si uzitoe kwenye hesabu?"

Bi Saa alimuuliza kama katika dakika hizo wateja wanakuwa na umeme au hawana. Kitinda akasema hawana. Basi zinahesabiwa, akasema dada mtu, na akaongeza kwamba humu ndani yeye ni dada yake, lakini kule yeye ni saa, na saa haina ndugu.

Kitinda alicheka, akachukua kipande cha nyama kwenye sahani ya dada yake kama alivyofanya tangu utotoni. Kisha akawa si wa mzaha tena.

"Mzee wetu mzembe, sikatai. Ila kwenye makufuli si mzembe, yale ndiyo yanatulinda. Wewe ukituweka wa mwisho, uzembe wake na makufuli yake unavitia kwenye gunia moja. Mtu akisoma pale atajuaje kipi ni kipi?"

Hilo lilimkaa Bi Saa kichwani. Kesho yake ofisini alifunga mlango, akalifungua jedwali la mwezi ule, akaongeza safu mpya. Aliwauliza vijana wa chumba cha simu, akasikiliza sauti zilizorekodiwa kwenye redio ya upepo, akatenganisha muda wa matengenezo na muda wa makufuli. Kazi ile ilimchukua siku nzima na aliifanya kwa raha, kwa sababu ilikuwa kazi ya kweli, ya kutafuta kilichopo ndani ya namba. Alipomaliza akapanga upya. Kikosi cha Tatu kikapanda kutoka mkiani hadi nafasi ya pili.

Alikaa akiitazama skrini. Alikuwa na haki ya kufurahi, na kwa muda mfupi alifurahi. Halafu akaanza kusikia masikioni mwake watakavyosema kwenye korido. Jedwali lilipoanza, Radi alishawahi kutania mbele ya kila mtu kwamba ndugu wa hakimu hafungwi, na watu walicheka, na Meneja alicheka kuliko wote. Tangu siku ile Bi Saa alikuwa amejikaza. Kikosi cha mdogo wake alikihakiki mara mbili pale ambapo vingine alivihakiki mara moja. Kukitokea shaka ya dakika, aliitia upande wa kukiumiza. Sasa aje na safu mpya, ambayo kazi yake yote ni kumwinua mdogo wake kutoka shimoni? Nani angemwamini?

Akaifuta. Hakuhifadhi hata nakala. Alijiambia anatenda haki, na neno lile lilimpa utulivu, ingawa kilichomtuma kilikuwa woga mtupu. Jedwali likabandikwa kama lilivyokuwa, na Kikosi cha Tatu kikawa cha mwisho kwa mwezi wa tatu.

Kikavunjwa. Mzee Pole alipelekwa ghalani kuhesabu misumari. Kabla ya kwenda alikuja kusimama kwenye mlango wa ofisi ya Bi Saa, akamwambia kwamba yeye hajawahi kupanda hata ngazi ya kubadilisha balbu na bado anawapima watu wanaopanda nguzo. Alikuwa amekasirika mno kiasi kwamba hakusema la maana. Bi Saa alimjibu kwa adabu, kwa wastani na asilimia. Mzee akaondoka bila kufunga mlango. Wafanyakazi wa ofisi ya jirani, waliosikia yote, walikuja baadaye kumpongeza. Walisema amekata hata nyama yake mwenyewe, kweli huyu mama hana upendeleo. Bi Saa alisikia sifa zile zikimwingia kama chai ya moto, na hatusemi uongo, alizipenda.

Kitinda alipangiwa Kikosi cha Kwanza. Nyumbani mama alifurahi, maana aliyoyajua yeye ni kwamba mwanawe ametoka kwa wa mwisho ameingia kwa wa kwanza. Siku ya kwanza alirudi na kichekesho. Alikuwa amefika kwenye swichi akatoa kufuli lake, wenzake wakamzunguka kama wameona mtu amefungua mwavuli ndani ya nyumba. Radi alimpiga begani, akamwambia hapa kufuli ni moja na ufunguo anao baba mwenye nyumba, sisi ni familia, tunajuana. Kitinda aliigiza sauti ya Radi na mama akacheka mpaka akakohoa.

"Na wewe ukasemaje?" Bi Saa aliuliza.

"Nikalirudisha mfukoni. Mtu mgeni, niseme nini?"

Bi Saa angeweza kusema jambo. Alikuwa na simu ya Meneja, alikuwa na jedwali lote, alikuwa na midomo. Lakini kusema kungekuwa kukiri kwamba ile safu aliyoifuta haikuwa ya kufutwa.

"Utazoea," akamwambia.

Haukupita muda, upepo mkali ukavuma mchana na kuangusha mti kwenye laini ya nyuma ya shule. Bi Saa alikuwa ofisini. Kwenye skrini yake kila hitilafu ilikuwa na mstari wake, mwekundu ikiwa bado, wa kijani umeme ukisharudi. Aliuona mstari wa nyuma ya shule ukiwaka mwekundu, akaona Kikosi cha Kwanza kimeshaupokea. Akaenda kumwagia maji ua lake la dirishani, akarudi, akakuta mstari umeshakuwa wa kijani. Mti mzima umeangukia waya, na wameshamaliza? Alitabasamu. Alimwambia kijana wa chumba cha simu, kupitia mlango uliokuwa wazi, kwamba leo Radi amejipita mwenyewe.

Kijana yule alikuwa ameshika redio kwa mikono miwili. Sauti ya Radi ilikuwa inatoka humo, lakini haikuwa sauti yake, ilikuwa nyembamba kama ya mtoto, ikisema wakate kule kituoni, wakate laini yote, wakate. Kijana akauliza kuna nini. Radi akasema kuna mtu juu.

Bi Saa alisimama mlangoni. Hakuuliza ni nani. Kikosi kile kilikuwa na mtu mmoja tu ambaye hawakuwa wamemzoea.

Ilivyokuwa ni hivi, na kila aliyekuwapo aliisimulia vilevile. Laini ile inakunja kona nyuma ya ukuta wa shule. Kitinda alitumwa nguzo ya mbali, ng'ambo ya kona, aondoe matawi yaliyonasa. Wenzake walifanya upande wa huku. Walipomaliza walishuka, wakaja kwenye swichi, na Radi akawatazama kofia zao kama alivyowatazama miaka yote. Wawili, watatu, na yeye wa nne. Kikosi cha Kwanza kilikuwa cha watu wanne tangu kilipoundwa. Hesabu ilitimia. Mkono wake ulifungua kufuli na kuinua swichi kabla kichwa chake hakijakumbuka kwamba siku hizi wao ni watano.

Radi si muuaji. Waliomkuta walisema alikuwa amekaa kwenye mtaro, akihesabu vidole vyake, anafika vinne anaanza upya.

Nyumbani msiba ulijaa watu hadi barabarani. Mama hakulia kwa sauti. Alikaa kwenye kiti kimoja, na kila mfanyakazi wa shirika aliyekuja kumpa mkono alimshika, hakumwachia, akamuuliza swali lilelile. Haraka ilikuwa ya nini? Palikuwa na hospitali kule? Palikuwa na mgonjwa anayepumua kwa mashine? Wakamwambia hapana, mama, ni nyumba za kawaida tu, na shule, na shule imefungwa. Mama akauliza, sasa wale watu wangekaa bila umeme kidogo, mpaka mwanangu ashuke, wangepungukiwa nini? Mafundi waliinamisha vichwa. Meneja alisema kazi ya Mungu haina makosa. Mama akamwachia mkono kama mtu aliyeshika kitu kilichooza.

Radi naye alikuja, amekondeana, ameshikiliwa na mkewe. Mama akamuuliza kama alivyowauliza wengine.

"Mama, tulizoea kukimbia," Radi akasema.

Bi Saa alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama, ameshika mabega yake. Radi hakuinua macho kumtazama. Angemtazama, hata kwa chuki, ingekuwa nafuu.

Alirudi kazini mapema kuliko ruhusa aliyopewa, kwa sababu nyumbani alikuwa hawezi kukaa chumba kimoja na swali lile. Ilikuwa karibu na mwisho wa mwezi. Meneja alimwita, akampa pole tena, akamwagizia maji, akaanza kuzunguka mbuyu. Hatimaye akafika. Ile hitilafu ya nyuma ya shule, alisema, aiondoe kwenye hesabu. Ni ajali, si hitilafu ya kawaida. Itaharibu wastani wa Kikosi cha Kwanza, na vijana wale wameshaumia vya kutosha.

"Haiharibu," Bi Saa alisema.

Meneja hakuelewa.

"Muda unasimama umeme ukirudi. Umeme ulirudi. Ndiyo hitilafu iliyoisha haraka kuliko zote mwezi huu. Ikibaki, wao ni wa kwanza. Ikitoka, wanakuwa wa pili."

Meneja alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mashine ya kupoza hewa ilikuwa inanguruma juu ya kichwa chake. Baadaye akasema kwa sauti ya chini kwamba basi aitoe kabisa, haitapendeza watu kuiona.

Bi Saa alirudi mezani kwake. Hakuitoa. Aliunda tena ile safu, kwa kumbukumbu, akaandika juu yake dakika za makufuli, kisha akaanza kuijaza kikosi kwa kikosi. Hakukuwa na cha kujaza. Kikosi cha Tatu hakikuwapo tena, na waliobaki hakuna hata mmoja aliyetumia dakika moja kumsubiri mtu ashuke. Safu ilikaa mbele yake, sifuri juu ya sifuri juu ya sifuri, na kwa namna anavyosoma mtu asiyejua, zilikuwa namba nzuri sana.

Akalibandika jedwali hivyohivyo, na safu yake, na mstari wa nyuma ya shule ukiwamo. Kisha akaaga, akaenda nyumbani kwa miguu.

Mama alikuwa chumbani kwa Kitinda, amekaa ukingoni mwa kitanda, anakunja nguo za kazi. Alikuwa amezifua zote, hata zile ambazo hazikuwa chafu. Bi Saa alikaa chini kwenye sakafu, karibu na miguu yake, kama alivyokaa alipokuwa anasukwa nywele.

"Mama, ile haraka uliyokuwa unaiulizia," alisema. "Ilikuwa yangu."

Akamweleza. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuruka, lakini hakuacha kitu. Saa inaanza wapi na inasimama wapi. Korido. Makufuli, na nani aliyaacha na kwa nini. Safu aliyoitengeneza na kuifuta, na kwamba ingebaki, kikosi cha Mzee Pole kisingevunjwa, na Kitinda angeendelea kufunga kufuli lake na kukaa na ufunguo mwenyewe. Mama aliendelea kukunja, bila kumkatiza.

"Ulijua yanawalinda?"

"Nilijua. Aliniambia mwenyewe, tukiwa tunakula, wewe ulikuwa kwa jirani."

"Kilichokufanya ufute ni nini, mwanangu?"

"Niliogopa watu watasemaje. Wangesema nampendelea."

Mama alinyoosha shati juu ya mapaja yake, akalipapasa kola mpaka ikalala.

"Haya," akasema. "Na sasa wanasemaje?"

Machozi ambayo hayakuwa yamemtoka Bi Saa siku ya maziko yalikuwa yameanza kumtoka sasa, na hakuyafuta.

"Wanasema sina upendeleo, mama."

Mama aliitikia kwa kichwa, akachukua shati lingine.